Barbara Castle na sheria zenye meno

Kabla ya tarehe 9 Oktoba 1967, dereva mlevi nchini Uingereza alikuwa na nafasi nzuri ya kuponyoka mahakamani. Upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha kwamba pombe ilikuwa imemharibia mtu uwezo wa kuendesha gari. Daktari aliitwa kituo cha polisi, akamtaka mshukiwa atembee juu ya mstari na kujibu maswali, kisha akatoa maoni yake. Wakili naye akaleta daktari wake mwenye maoni mengine. Kesi ikifika mbele ya wazee wa baraza, wengi wao walikuwa madereva wanaopenda glasi moja mbili, na huruma yao ilijulikana iko upande gani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967 ilimaliza ubishi huo kwa namba moja: miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo una hatia, hata kama umesimama wima kama mlingoti na unakumbuka majina ya babu zako wote. Waziri aliyeisukuma ni Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Wakenya wanaopulizishwa Alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi wao, wanaijua namba hiyo, maana kikomo cha damu kilichoandikwa katika kanuni zao ni hicho hicho 80.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Wasifu mwingi wa Castle husimulia nywele zake nyekundu, ukali wake na kufukuzwa kwake kazi. Kwangu mimi, jambo la kusoma katika maisha yake ni jinsi alivyounda sheria. Alipoweka namba, tarehe na mtu wa kupokea fedha, kazi yake ilidumu. Alipoacha mwanya, mwanya huo ndio uliotumika.

Utaratibu wa 1967 ulikuwa hivi. Askari mwenye sare aliruhusiwa kumpima dereva kwa sababu tatu tu: anashuku kuwa amekunywa, dereva amevunja sheria ya barabara gari likiwa mwendoni, au kumetokea ajali. Dereva alipuliza kwenye kibomba cha kioo chenye chembe za kemikali za njano, hewa ikajaza mfuko wa plastiki upande wa pili. Chembe zikigeuka kijani kupita alama, anakamatwa. Kituoni anapulizishwa mara ya pili, na akishindwa tena anatoa damu au mkojo. Dereva angeweza kuomba sehemu ya sampuli yake akapime kwa mtaalamu wake. Kilichohesabika mahakamani ni maabara. Kile kibomba kilikuwa mlango tu wa kufikia maabara. Aliyekataa kutoa sampuli bila sababu ya msingi aliadhibiwa kama aliyezidisha, na aliyepatikana na hatia alipoteza leseni kwa miezi 12 au zaidi. Hakimu hakuwa na uhuru wa kumsamehe isipokuwa kwa sababu maalumu, na hilo ndilo jino lenyewe: faini tajiri angeilipa akaendelea na safari zake, lakini leseni ikienda imekwenda.

Matatizo yalijitokeza mapema. Maelekezo ya kifaa yalitaka mfuko ujazwe kwa pumzi moja, na dakika 20 zipite tangu mtu anywe mara ya mwisho, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hudanganya kipimo. Mawakili waligundua kuwa askari akikosea hatua moja ya mwanzo, ukamataji wote unaweza kuitwa batili, na damu iliyotolewa baadaye ikakosa maana. Kesi nyingi zilianguka kwa njia hiyo. Wengine walikuja na ujanja wa chupa ya mfukoni: baada ya ajali dereva anakunywa mbele ya mashahidi ili kutuliza moyo, kisha anadai kuwa pombe yote iliyopimwa ni hiyo. Pia pendekezo la awali lililotaka askari asimamishe gari lolote bila sababu liliondolewa baada ya kelele kwamba ni kuingilia uhuru wa raia. Hata hivyo, vifo vya barabarani Uingereza, vilivyokuwa 7,985 mwaka 1966, vilishuka hadi 6,810 mwaka 1968. Wenye baa hawakumsamehe kamwe.

Alizaliwa Barbara Betts tarehe 6 Oktoba 1910 huko Chesterfield, akakulia Pontefract na Bradford. Baba yake, Frank Betts, alikuwa mkaguzi wa kodi na msoshalisti aliyehariri gazeti la kisoshalisti mjini Bradford. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kumwelewa binti: nyumba ambayo siasa ya wanyonge na hesabu za kodi zilikaa meza moja. Alisoma chuo cha St Hugh's, Oxford, akatoka na shahada ya daraja la tatu, jambo lisilomzuia lolote. Mwaka 1937 aliingia baraza la mtaa wa St Pancras, London. Mwaka 1944 aliolewa na mwandishi wa habari Ted Castle. Mwaka 1945 alishinda Blackburn, mji wa viwanda vya pamba, baada ya wanawake wa chama cha Labour mjini hapo kugoma kuendelea na kazi zao za chama mpaka mwanamke awekwe kwenye orodha ya wagombea. Alikaa bungeni kwa tiketi ya mji huo hadi 1979, alipompisha Jack Straw, aliyekuwa mshauri wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki pengine amelisikia jina lake kwa njia nyingine. Mwaka 1955 Castle alifunga safari hadi Kenya, gharama zikalipwa na gazeti la Daily Mirror, kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, Mkikuyu aliyefia mikononi mwa polisi baada ya kuteswa. Waliohusika walikuwa wameshtakiwa kwa kosa dogo kuliko mauaji. Njia yake ilikuwa ya karani zaidi kuliko ya mhubiri: kutafuta kumbukumbu za kesi, kuwahoji waliokuwa ndani ya polisi, kisha kurudi Bungeni na maswali ambayo waziri wa makoloni analazimika kuyajibu kwa maandishi. Jibu moja likipingana na jingine, hilo linakuwa swali la wiki ijayo.

Njia hiyo ilimsaidia zaidi mwaka 1959. Tarehe 3 Machi, katika kambi ya kizuizini ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa zaidi ya 80 waliokataa kazi za kulazimishwa walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Walipogoma walipigwa, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya Nairobi ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulionyesha majeraha ya kipigo, na ikajulikana kuwa kulikuwa na mpango ulioandikwa wa kuwalazimisha wafanye kazi kwa nguvu. Castle alikuwa kati ya waliolikomalia suala hilo, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai Bunge lilijadili Hola hadi alfajiri. Hotuba inayokumbukwa zaidi usiku ule ilitoka upande wa pili, kwa Enoch Powell wa chama tawala cha Conservative, ambaye miaka tisa baadaye angejulikana kwa maneno ya chuki juu ya wahamiaji. Siasa ina vituko vyake. Waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu, lakini baada ya uchaguzi wa Oktoba nafasi yake ilichukuliwa na Iain Macleod, aliyeharakisha uhuru wa Tanganyika na Kenya.

Labour iliposhinda mwaka 1964, Waziri Mkuu Harold Wilson alimpa Castle wizara mpya kabisa ya maendeleo ya ng'ambo, akawa mwanamke wa nne kuingia baraza la mawaziri katika historia ya Uingereza. Alikaa mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo serikali ilikubali mikopo isiyo na riba kwa nchi maskini zaidi. Kisha Desemba 1965 akahamishiwa uchukuzi.

Mbali na kipimo cha pumzi, aliufanya wa kudumu ule mwendo wa juu wa maili 70 kwa saa ambao mtangulizi wake, Tom Fraser, aliuanzisha kwa majaribio. Magari mapya yakalazimika kutoka kiwandani yakiwa na mikanda ya usalama viti vya mbele. Angalia hapa kasoro ya sheria: ilitaka mkanda uwepo, haikutaka uvaliwe. Kuvaa kulikuja kuwa lazima Januari 1983, na miaka yote ya katikati mikanda mingi ilining'inia bila kazi.

Kuhusu reli rekodi yake ina pande mbili, na mashabiki wake hupenda kusahau mmoja. Alirithi mpango wa Beeching wa 1963 wa kufuta njia zisizolipa, na katika kipindi chake takriban maili 2,000 zilifungwa. Mojawapo ni njia ya Oxford hadi Cambridge, iliyokatwa mwishoni mwa 1967, na sasa inajengwa upya kwa gharama kubwa. Upande wa pili, Sheria ya Uchukuzi ya 1968 ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba njia ya reli inaweza kuwa ya hasara na bado ikahitajika. Badala ya kufidia hasara ya shirika zima kwa mkupuo, serikali ilitoa ruzuku kwa kila njia kwa jina lake, kwa muda maalumu, ili ijulikane nani analipiwa nini. Njia kadhaa za vijijini zinazopita treni leo ziliokolewa na kifungu hicho.

Halafu kuna daraja la Humber, karibu na mji wa Hull. Januari 1966 Labour ilikuwa na wingi mdogo mno Bungeni, na uchaguzi mdogo ukaitishwa Hull North. Siku chache kabla ya kura, Castle alikwenda Hull akatangaza kuwa daraja lililoombwa kwa miongo mingi litajengwa. Labour ilishinda vizuri, Wilson akapata ujasiri wa kuitisha uchaguzi mkuu Machi, akashinda kwa kishindo. Daraja lilifunguliwa mwaka 1981, wakati huo likiwa na urefu mkubwa zaidi duniani kati ya nguzo mbili, mita 1,410. Magari hayakutosha kulipia mkopo, riba ikajilimbikiza juu ya riba, na mwaka 2011 serikali ikakubali kufuta pauni milioni 150 za deni. Ahadi ya kampeni haikuwa na ukurasa wa hesabu, na waliolipa ni madereva wa Hull waliotozwa kila walipovuka.

Aprili 1968 alipandishwa kuwa waziri wa ajira na tija. Miezi miwili baadaye mafundi cherehani 187 wa kiwanda cha Ford, Dagenham, wote wanawake, waliweka kazi chini. Kazi yao ilikuwa kushona vifuniko vya viti. Ford ilikuwa imepanga upya madaraja ya kazi, ikawaweka daraja B, la wasio na ujuzi mkubwa, ingawa hakuna aliyeajiriwa pale bila kufaulu mtihani wa cherehani. Juu ya hilo, walilipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa daraja lile lile B. Madai yao ya kwanza yalikuwa kupandishwa daraja C. Gari bila viti haliuziki, kwa hiyo wanawake 187 waliweza kusimamisha kiwanda cha maelfu ya watu.

Castle aliwaita wizarani tarehe 28 Juni. Walitoka na asilimia 92 ya malipo ya wanaume wa daraja B. Wakarudi kazini, na magazeti yakashangilia ushindi. Lakini daraja lenyewe, lile walilogomea, hawakulipata. Walilipata mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine wa wiki sita, wakati baadhi yao wamekwishastaafu. Simulizi nyingi za Dagenham huishia kwenye kikao hicho cha wizarani, na ndiyo sababu watu hawaelewi kwa nini sheria iliyofuata ilikuwa na pengo lile lile.

Sheria ya Malipo Sawa ilipitishwa tarehe 29 Mei 1970, Bunge likiwa linafunga virago kwa uchaguzi. Ilimruhusu mwanamke kudai malipo sawa kwa njia mbili: aonyeshe mwanamume, kwa mwajiri yule yule, anayefanya kazi ile ile au inayofanana nayo sana, au aonyeshe kwamba mwajiri mwenyewe amezipima kazi hizo mbili na kuziona sawa. Akishinda mbele ya baraza la kazi, angeweza kulipwa malimbikizo yasiyozidi miaka miwili. Sheria ingeanza kutumika tarehe 29 Desemba 1975.

Hesabu miaka. Waajiri walipewa zaidi ya mitano, kwa maelezo kwamba gharama zisambae polepole. Baadhi walitumia muda huo kupandisha mishahara. Wengine walitumia muda huo kuwatenganisha: wanawake wakakusanywa kwenye idara moja, wanaume wakahamishwa, majina ya vyeo yakabadilishwa. Ilipofika 1975 hakukuwa na mwanamume wa kulinganishwa naye. Na kama mwajiri hakuwa amezipima kazi, hakuna aliyeweza kumlazimisha. Mpishi wa kike asingeweza kujilinganisha na seremala wa kampuni hiyo hiyo. Pengo hilo liliendelea mpaka mahakama ya Ulaya ilipoipata Uingereza na kosa mwaka 1982, na madai ya kazi zenye thamani sawa yakaanza kukubaliwa Januari 1984. Castle alijua kuwa sheria ina upungufu. Alikuwa na chaguo la kuipitisha hivyo kabla ya uchaguzi au kuikosa kabisa, na Labour ilishindwa uchaguzi huo wiki tatu baadaye. Kwa maoni yangu alichagua sawasawa.

Kushindwa kwake kukubwa ni waraka wa Januari 1969, In Place of Strife. Tume ya Donovan, iliyoundwa na serikali kuchunguza vyama vya wafanyakazi na waajiri, ilikuwa imeonyesha kuwa karibu migomo yote nchini haikuwa rasmi: watu wachache kiwandani wanatoka, na makao makuu ya chama cha wafanyakazi hayana habari. Castle alipendekeza waziri apewe uwezo wa kuamuru mapumziko ya siku 28 kabla ya mgomo wa namna hiyo kuendelea, na kuamuru kura ya siri kabla ya mgomo rasmi unaotishia uchumi. Atakayekaidi atatozwa faini. Mwanya ulikuwa hapo kwenye faini. Wafanyakazi 3,000 wakikataa kulipa, utafanya nini? Kuwakata mishahara kutawarudisha kwenye mgomo, na kuwafunga kutawafanya mashujaa. Hakuwa na jibu lililomtosheleza mtu. Wabunge wa Labour zaidi ya 50 walimpinga, na James Callaghan, waziri wa mambo ya ndani, alipiga kura dhidi ya waraka wa serikali yake mwenyewe kwenye halmashauri ya chama. Tarehe 18 Juni serikali ilikubali ahadi ya vyama vya wafanyakazi kwamba watajisimamia. Kura ya siri kabla ya mgomo ililetwa na Margaret Thatcher mwaka 1984, kwa masharti makali kuliko yale ya Castle.

Alirudi serikalini Machi 1974 kama waziri wa huduma za jamii. Aligombana na madaktari bingwa alipotaka kuondoa vitanda vya kulipia, takriban 4,000, katika hospitali za umma, na ugomvi huo ulimla muda mwingi kuliko faida yake. Kilichobaki ni posho ya watoto. Zamani familia ilisaidiwa kwa njia mbili: posho ndogo kwa mama kuanzia mtoto wa pili, na nafuu ya kodi iliyoonekana kwenye mshahara wa baba. Sheria ya 1975 iliunganisha zote kuwa malipo moja, kuanzia mtoto wa kwanza, yanayopokelewa na mama posta. Fedha ikatoka mfuko wa baba ikaingia mkoba wa mama. Callaghan alipokuwa Waziri Mkuu Aprili 1976 alimwachisha Castle kazi ndani ya siku chache, na mwezi uliofuata baraza la mawaziri likaahirisha posho hiyo, likihofia wanaume watanung'unika kuona mshahara umepungua. Nyaraka za kikao zikavuja gazetini, aibu ikawa kubwa, mpango ukarudishwa kwa awamu. Aprili 1979 ulifikia pauni 4 kwa wiki kwa kila mtoto.

Miaka kumi iliyofuata, 1979 hadi 1989, alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, yeye ambaye katika kura ya maoni ya 1975 alipiga kampeni Uingereza ijitoe katika Jumuiya ya Ulaya. Mwaka 1990 akaingia baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge la Uingereza.

Ugomvi wake wa mwisho ulihusu pensheni, na tena ulikuwa wa kanuni ya hesabu. Akiwa waziri aliweka kisheria kwamba pensheni ya serikali ipande kila mwaka kwa kufuata bei au mishahara, chochote kilichopanda zaidi. Mwaka 1980 serikali ya Thatcher ilifuta neno mishahara. Mishahara kwa kawaida hupanda haraka kuliko bei, kwa hiyo kila mwaka wazee walibaki nyuma hatua moja, polepole kiasi kwamba haikuwa habari ya gazeti. Labour iliporudi mwaka 1997 haikuirudisha kanuni hiyo. Aprili 2000, kwa kuwa mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 1.1, pensheni ya mtu mmoja ilipanda kutoka pauni 66.75 kwa wiki hadi 67.50. Ni nyongeza ya peni 75. Castle, akikaribia miaka 90 na macho yakiwa yamefifia, alikwenda mkutano mkuu wa chama Brighton mwezi Septemba kumkabili waziri wa fedha, Gordon Brown, na wajumbe wakaipigia kura hoja ya kurudisha mishahara kwenye hesabu, kinyume cha matakwa ya uongozi. Aprili 2001 pensheni ilipanda hadi pauni 72.50. Kanuni yenyewe Brown hakuigusa. Castle alifariki tarehe 3 Mei 2002. Pensheni ilianza tena kufuata mishahara mwaka 2011, chini ya serikali iliyoongozwa na Conservative.